Homa ya dengi kwa mtoto: kwa nini hatari huja homa inaposhuka

Swali: «Daktari, mwanangu wa miaka saba alishikwa na homa kali kwa siku nne, akilalamika kichwa na macho. Kipimo kilionyesha dengi, tukapewa parasetamoli tukarudi nyumbani. Siku ya tano asubuhi mwili ulikuwa umepoa kabisa, nikashukuru. Mchana huohuo akaanza kulia tumbo, akatapika mara nyingi, mikono ikawa baridi, akawa analala tu. Nilimrudisha hospitali, akalazwa siku tatu na kuwekewa dripu, na sasa ni mzima. Ninachoshindwa kuelewa ni namna mtoto anavyozidiwa wakati homa imekwisha. Nina mdogo wake wa miezi minane, na mimi mwenyewe niliwahi kuugua dengi kabla ya kumzaa. Jirani ananiambia kwamba huyu mkubwa hawezi kuugua tena, na kwamba mdogo analindwa na maziwa yangu. Je, ni kweli? Nitajuaje dalili kwa mtoto asiyeweza kusema, na ni watoto gani walio katika hatari zaidi?»

Pole sana, mama, na hongera kwa kumrudisha mtoto hospitali mchana uleule badala ya kungoja kesho yake. Ulichokishuhudia hakikutokana na kosa la dawa wala uzembe wako, kwa kuwa hivyo ndivyo dengi inavyokwenda kwa wale wachache inaowaelemea. Jirani yako amesema kwa nia njema, lakini la kwanza ni kweli kwa sehemu ndogo tu, na la pili linaweza kuwa kinyume kabisa cha hali ilivyo kwa mtoto wa miezi minane. Nitayafikia yote mawili, ila naomba nianze na fumbo la homa iliyoshuka, kwa sababu ukilielewa hilo mengine hujieleza yenyewe.

Dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, huletwa na virusi vinavyosambazwa na mbu wa jamii ya Aedes, wale weusi wenye mabaka meupe miguuni, ambao huuma zaidi mchana, hasa asubuhi na kuelekea machweo. Tangu mtoto aumwe na mbu huyo hadi homa ianze hupita kwa kawaida siku 4 hadi 10. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, maana ni takriban mmoja kati ya wanne anayeonyesha dalili, na kati ya hao wanaougua, karibu mmoja katika ishirini ndiye anayefikia dengi kali. Nazitaja hesabu hizi mapema ili yale ninayoyaeleza hapa chini yasikukoseshe usingizi kila mtoto anapopata joto.

Ugonjwa wenyewe hupita katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha homa, ambacho hudumu siku 2 hadi 7. Mtoto mkubwa kama mwanao huweza kukueleza: kichwa kinauma, nyuma ya macho kunauma, viungo na misuli vinauma, hataki kula, anatapika, na pengine ngozi imeiva wekundu usoni na kifuani. Mtoto mdogo hana maneno hayo. Kwake utaona homa ya ghafla, uso mwekundu, kulia kusikobembelezeka, kukataa titi, wakati mwingine mafua kidogo au kuharisha, na wengine hupata degedege kwa sababu ya joto kali. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo ya dengi peke yake, na ndiyo maana mahali penye malaria mtoto wa namna hii lazima apimwe malaria pia, bila kubahatisha. Kipimo cha kutafuta chembe ya kirusi chenyewe katika damu husaidia zaidi siku tano za mwanzo, ilhali kile cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi, huanza kuonyesha kuelekea siku ya tano na kuendelea, kwa hiyo jibu la «hakuna dengi» lililopatikana siku isiyofaa halitoshi kukufanya uache kumwangalia mtoto.

Sasa tuje kwenye siku ya tano, yaani kipindi cha pili, kile cha hatari. Katika kipindi cha homa, mwili hupambana na virusi, na vita hiyo huacha kemikali nyingi zikizunguka katika damu. Kemikali hizo, pamoja na protini moja inayotolewa na kirusi chenyewe, hulegeza kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, ile mishipa myembamba kama uzi inayopeleka lishe kila pembe ya mwili. Ukuta ukilegea, sehemu ya damu iliyo majimaji, yaani plazma, hupenya na kuvujia nje, ikajikusanya tumboni na kuzunguka mapafu. Chembe nyekundu ni kubwa, hazipiti, zinabaki ndani ya mishipa. Damu inakuwa nzito na pungufu kwa wakati mmoja, mithili ya uji uliochujwa maji. Kwa bahati mbaya, uvujaji huu hufikia kilele chake wakati virusi vyenyewe vinapungua na joto linaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7 ya ugonjwa, na hudumu saa 24 hadi 48. Kipimajoto kinakuambia vita na kirusi inaelekea kuisha, lakini hakikuambii lolote kuhusu maji yaliyobaki ndani ya mishipa.

Kwa wagonjwa wengi, uvujaji huo ni mdogo na hata hawautambui. Homa hushuka, hamu ya kula hurudi, mtoto huomba kwenda kucheza. Kwa wachache maji huvuja mengi kiasi kwamba moyo hauna cha kutosha kusukuma. Mwili wa mtoto ni hodari wa kuficha jambo hili. Hubana mishipa ya mikono na miguu ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo, na hapo ndipo uliposhika mikono ya mwanao ukaikuta baridi. Muuguzi akipima presha katika dakika hizo anaweza kupata namba ya juu iliyo ya kawaida kabisa. Siri iko kwenye namba ya chini: mtoto aliyekuwa na 100 kwa 60 anakuwa na 100 kwa 82, na pengo kati ya namba mbili likifika 20 au kupungua, mzunguko wa damu uko mashakani hata kama mtoto bado anajibu anapoitwa. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita mshtuko, neno ambalo huwachanganya wazazi wengi wakadhani mtoto ameogopeshwa na kitu.

Kuna jambo unaloweza kulifanya mwenyewe nyumbani. Bonyeza kwa kidole chako ukucha wa mtoto, au ngozi ya katikati ya kifua kwa mtoto mchanga, mpaka sehemu hiyo iwe nyeupe, kisha achia. Rangi inapaswa kurudi kabla sekunde mbili hazijapita. Ikichelewa, huku mikono na miguu ikiwa baridi wakati tumbo na kifua ni vya moto, usingoje kupima mara ya pili, beba mtoto.

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilimruhusu binti mmoja arudi nyumbani kwa sababu usiku mzima hakuwa na homa, na nilifurahi kuandika hivyo kwenye faili. Alirudishwa jioni akiwa mlegevu, na tumbo limejaa. Alipona, lakini tangu siku hiyo, mzazi akiniambia kwa furaha kwamba homa ya dengi imekatika, swali langu la kwanza ni lini amekojoa mara ya mwisho.

Basi dalili za hatari ni zipi? Kubwa kuliko zote, kwa uzoefu wangu, ni maumivu ya tumbo yasiyoachia na kutapika kusikokoma, maana hizi mbili hutangulia nyingine mara nyingi, na wazazi huzidhania kuwa chakula kimemchafua mtoto. Inayofuata ni mabadiliko ya mtoto mwenyewe: aliyekuwa mchangamfu anakuwa mzito, hataki kuinua kichwa, anasinzia mchana kutwa, au kinyume chake anahangaika na kugaagaa bila kutulia. Kutoka damu kwenye fizi au puani, kutapika vitu vyenye damu au vyeusi kama mashapo ya kahawa, choo cheusi kama lami, kupumua kwa shida, na kutokojoa kwa saa sita au zaidi, yote hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Hospitalini wataongeza kuangalia kama ini limevimba, na watapima picha kamili ya damu wakitazama kama uzito wa damu unapanda huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka kwa kasi.

Kwa mtoto wako wa miezi minane, mahali pa maneno utasoma mwili. Titi analolikataa mara mbili au tatu mfululizo, nepi iliyobaki kavu, utosi uliobonyea, kilio kinachozidi ukimgusa tumbo, miguu baridi yenye rangi ya mabakamabaka, na macho yasiyokufuata unapopita mbele yake. Mtoto mchanga huwa na akiba ndogo ya maji mwilini, kwa hiyo safari yake kutoka «anaumwa kidogo» hadi «amezidiwa» ni fupi kuliko ya kaka yake. Akipata homa katika msimu ambao dengi imeenea, mpeleke akaonwe na mtaalamu siku hiyohiyo, na usimtibu nyumbani kwa kukisia.

Hapa niseme neno kuhusu chembe sahani, kwa kuwa wazazi wengi hushinda wakiulizana namba zake. Ni kweli hushuka katika dengi, na kushuka kwake hutuambia kipindi cha hatari kimekaribia. Lakini kinachoua watoto wengi ni maji yaliyovuja na kuchelewa kuyarudisha, zaidi ya idadi ya chembe hizo. Nimeona watoto wenye chembe sahani 20,000 wakiwa wamekaa kitandani wanacheza, na wengine wenye 90,000 wakiwa katika mshtuko. Kuongezewa chembe sahani kwa mtoto asiyetokwa damu, ati kwa tahadhari, hakujaonyesha faida, na kunaweza kuleta madhara. Dawa za mitishamba zinazosifiwa kwa kuzipandisha, hata pale namba inapopanda, hazijathibitishwa kuzuia plazma kuvuja, na baya zaidi ni kwamba hupoteza zile saa chache ambazo mtoto alipaswa kuwa hospitalini.

Sasa nirudi kwa jirani. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Mtoto akiugua aina moja, hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, na kinga ya muda tu dhidi ya nyingine tatu. Mwanao basi anaweza kuugua tena, na ugonjwa wa mara ya pili ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mkali. Kingamwili za aina ya kwanza huikumbuka sura ya kirusi lakini hukishika kirusi cha aina nyingine kwa ulegevu, bila kukiua. Na badala ya kukizuia, hukiingiza ndani ya chembe nyeupe za damu, mahali ambapo kinazaana kwa urahisi. Ni kama mlinzi anayemfungulia mlango mwizi kwa sababu anafanana na mtu aliyewahi kumwona.

Ushahidi ulio wazi kuliko yote ulitoka Cuba. Mwaka 1977 aina ya kwanza ya kirusi ilienea kisiwani, na ugonjwa ulikuwa mwepesi. Mwaka 1981 ikaja aina ya pili, wakaugua watu zaidi ya 344,000, wakafa 158, na kati yao 101 walikuwa watoto. Aina hiyo ya pili iliporudi katika mji wa Santiago de Cuba mwaka 1997, waliozidiwa walikuwa watu wazima, kwa maana wao ndio waliokuwa wamekwisha kukutana na aina ya kwanza; watoto waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwa na kumbukumbu hiyo katika damu yao, walisalimika na ugonjwa mkali. Ni nadra katika tiba kupata mfano unaojieleza kwa unyoofu namna hiyo.

Mtoto mchanga hahitaji kusubiri maambukizi ya pili ili awe katika hatari hiyohiyo, kwa kuwa kingamwili za mama humfikia kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Wewe uliugua dengi kabla ya kumzaa, kwa hiyo alizaliwa akiwa nazo. Miezi ya mwanzo huwa ni nyingi na humlinda kweli. Kadiri miezi inavyokwenda hupungua, na hufika mahali ambapo hazitoshi kukizuia kirusi lakini zinatosha kukisaidia kuingia. Watoto wachanga wanaopata dengi kali hujazana zaidi kati ya miezi 6 na 12, nawe utaona umri wa mwanao unaangukia humo. Maziwa yako hayana lawama katika hili. Endelea kumnyonyesha, akiwa mzima na hata akiugua, kwa sababu ni maji, ni lishe na ni faraja yake.

Zaidi ya hayo, umri mdogo wenyewe ni hatari, kwa kuwa mishipa midogo ya watoto huvuja kwa urahisi kuliko ya watu wazima. Watoto wanene kupita kiasi huelekea kuugua vikali zaidi, na juu ya hilo ni vigumu kupiga hesabu ya maji wanayohitaji, maana ukifuata uzito wao halisi unaweza kuwazidishia. Watoto wenye selimundu, kisukari, pumu, au magonjwa ya moyo, figo na ini wanahitaji kulazwa mapema hata kama hawajaonyesha dalili za hatari, na kwa mwenye selimundu nasisitiza zaidi, kwa sababu mwili wake hauvumilii damu inayozidi kuwa nzito. Hata hivyo, wengi wenye vigezo hivi hupona salama, na nimewaona watoto wasio na kigezo hata kimoja wakizidiwa. Vigezo hutusaidia kuamua nani aangaliwe kwa ukaribu zaidi. Havimtoi mtu yeyote kwenye orodha ya kuangaliwa.

Hakuna dawa inayoua kirusi cha dengi, na hilo lisikukatishe tamaa, kwani panapopatikana uangalizi mzuri vifo vya dengi kali hushuka chini ya asilimia moja. Nyumbani, mtoto asiye na dalili za hatari hupewa parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa nafasi ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisimkaribie, kwa kuwa huchochea kutoka damu, na sindano za msuli ziepukwe kwa sababu hiyohiyo. Antibayotiki hazina kazi hapa. Maji ndiyo tiba: maji ya ORS, maziwa, supu, juisi, kidogokidogo na mara kwa mara, kijiko baada ya kijiko kama anatapika. Vinywaji vyekundu au vya rangi ya kahawia viache kwa siku hizo, ili akitapika usishindwe kutofautisha rangi ya kinywaji na damu. Alazwe ndani ya chandarua hata mchana, kwa sababu mbu anayemwuma akiwa na homa anaweza kuubeba ugonjwa hadi kwa mdogo wake. Kliniki nyingi humtaka mtoto arudi kila siku kupimwa damu mpaka saa 48 zipite tangu homa ikatike bila dawa. Safari hizo huchosha, lakini usiikose hata moja.

Uliniambia kwamba alilazwa siku tatu na kuwekewa dripu, na huenda ulishangaa walipoiondoa mapema. Katika kipindi cha tatu, cha kupona, yale maji yaliyovuja hurudi yenyewe kwenye mishipa, na dripu ikiendelea humjaza mtoto hadi mapafu yakashindwa kupumua vizuri. Daktari aliyeifunga alijua anachofanya. Vipele vyekundu vyenye visiwa vya ngozi nyeupe katikati, pamoja na muwasho wa viganja na nyayo, ni vya kipindi hiki pia, navyo huisha vyenyewe.

Pengine utauliza chanjo. Historia yake ina somo chungu: Ufilipino ilianza kuchanja watoto wa shule mwaka 2016 kwa chanjo ya Dengvaxia, na mwishoni mwa 2017 mtengenezaji akatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa, chanjo hiyo yaweza kufanya kazi ya yale maambukizi ya kwanza niliyoyaeleza hapo juu, na programu ikasimamishwa. Chanjo mpya zaidi, Qdenga, inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika maeneo yenye maambukizi mengi, kwa dozi mbili zinazopishana miezi mitatu. Mwanao mkubwa yumo katika umri huo, kwa hiyo muulize daktari wake kama inapatikana na ni lini inafaa kuanza baada ya ugonjwa huu. Mdogo bado hajafikia umri huo. Kwake yeye kinga iliyopo ni chandarua wakati wa usingizi wa mchana, nguo zinazofunika mikono na miguu, na kumwaga kila wiki maji yaliyotuama kwenye ndoo, makopo na visahani vya maua, ukivisugua kuta zake, maana mayai ya mbu huyu hung'ang'ania ukutani hata chombo kikikauka.